Kalsiamu Baada ya Kuondolewa Thairoidi: Vidokezo vya Kuimeza Ipasavyo

Ukiruhusiwa kutoka hospitali baada ya kuondolewa tezi ya thairoidi, iwe ni kwa sababu ya rovu lililokuwa likikubana koo, tezi iliyokuwa ikifanya kazi kupita kiasi au saratani, utakabidhiwa mfuko wa dawa. Kile kidonge kidogo cha homoni kila mtu atakusisitizia. Kile kikubwa cheupe cha kalsiamu mara nyingi huagwa kwa sentensi moja mlangoni, na ukifika nyumbani ndicho cha kwanza kusahauliwa, kwa kuwa wengi hukiona ni vitamini ya kujiongezea nguvu tu. Sivyo hata kidogo. Kwa wiki za mwanzo, na kwa baadhi ya watu kwa maisha yote, kalsiamu ni dawa kamili yenye saa zake, na kuichezea kunaweza kukurudisha wodini usiku wa manane. Idadi ya vidonge ataipanga daktari wako. Vidokezo hivi ni vya kukusaidia kuvimeza vizuri.

1. Jua kwanza unameza kwa ajili ya nini

Nyuma ya thairoidi kuna tezi nyingine ndogo, kwa kawaida nne, kila moja ikikaribia ukubwa wa punje ya mchele. Zinaitwa parathairoidi. Jina limetokana na ujirani tu. Kazi zake ni nyingine kabisa. Thairoidi huamua mwili uende kasi gani, parathairoidi hulinda kiwango cha kalsiamu katika damu, usiku na mchana. Misuli, mishipa ya fahamu na moyo vyote huitegemea kalsiamu hiyo.

Daktari wa upasuaji hujitahidi kuziacha mahali pake anapoondoa thairoidi. Lakini mishipa ya damu inayozilisha ni myembamba mno, na tezi hizi zikitikiswa tu zinaweza kuacha kazi kwa siku, wiki au miezi kadhaa. Wakati mwingine moja hutoka pamoja na thairoidi bila mtu kuiona. Hilo likitokea si lazima mtu awe amefanya uzembe. Ndivyo sehemu hiyo ya shingo ilivyo.

Wagonjwa wa zamani waliteseka bila kujua sababu. Katika karne ya 19, kwenye kliniki ya Theodor Billroth mjini Vienna, watu walitolewa rovu, kisha baada ya siku chache wengine wakaanza kukakamaa mikono. Ivar Sandström wa Uppsala, Uswidi, aliyezigundua tezi hizi kwa binadamu akiwa bado mwanafunzi wa udaktari, alichapisha maelezo yake mwaka 1880, na hayakutiliwa maanani sana. Mwaka 1909, huko Baltimore, Marekani, William MacCallum na Carl Voegtlin walionyesha kwamba mnyama aliyeondolewa parathairoidi akaanza kukakamaa hutulia akipewa kalsiamu. Kidonge unachokiona kikubwa na kigumu kumeza kimetokana na kazi ya watu hao.

2. Zihesabu siku nne za mwanzo

Kalsiamu haishuki ukiwa bado kwenye meza ya upasuaji. Huteremka polepole, na mara nyingi hufika chini kabisa kati ya siku ya pili na ya nne, yaani siku zilezile ambazo wengi wameshafika nyumbani na wageni wanamiminika kuwapa pole. Kama unatoka mbali na hospitali, omba kukaa kwa ndugu aliye mjini kwa siku hizo kabla ya kupanda basi.

Waliofanyiwa upasuaji kwa sababu thairoidi ilikuwa ikifanya kazi kupita kiasi wawe macho zaidi. Wakati wa ugonjwa mifupa yao ilipoteza kalsiamu nyingi, na tezi ikishaondoka mifupa hiyo huanza kuivuta kalsiamu kutoka kwenye damu kwa pupa. Aliyetolewa nusu tu ya thairoidi, kwa upande wake, mara nyingi hahitaji kalsiamu kabisa. Kwa hiyo usilinganishe vidonge vyako na vya jirani wa kitanda.

3. Sikiliza midomo na ncha za vidole

Hapa naomba usome taratibu, na umsomee pia anayekuuguza.

Dalili ya kwanza kwa kawaida ni ganzi au mchomochomo kuzunguka midomo, kwenye ncha za vidole vya mikono na nyayoni. Ikiachwa, misuli huanza kubana: shavu la mguu, mgongo, mikono. Kisha viganja hujikunja vyenyewe, vidole vikinyooka na kubanana pamoja huku kidole gumba kikiingia ndani. Baadhi ya watu huona jambo hili mara ya kwanza wakipimwa presha, pale mkanda unapobana mkono na kiganja kujikunja. Daktari Mfaransa Armand Trousseau aliieleza dalili hiyo karne ya 19, na bado inaitwa kwa jina lake.

Ganzi ikianza, fuata maelekezo uliyopewa hospitali ya kumeza dozi ya ziada. Kama hukupewa maelekezo hayo, piga simu wodini uyaulize leo, kabla hujayahitaji. Tulia na upumue polepole, maana kuhema kwa hofu hupunguza zaidi ile kalsiamu inayofanya kazi katika damu, na ganzi huongezeka. Ukishameza na hali isipoboreka ndani ya muda ulioelekezwa, nenda hospitali.

Mambo yasiyosubiri hata dakika moja ni haya: viganja kukakamaa, koo kubana au pumzi kutoka kwa mlio, moyo kwenda mrama, kuchanganyikiwa, degedege. Hapo kidonge hakitoshi; hospitali humpa mgonjwa kalsiamu kwa mshipa, taratibu, huku moyo ukiangaliwa kwa mashine. Na shingo ikivimba ghafla huku unashindwa kupumua, hiyo ni dharura nyingine ya upasuaji. Ukimbizwe hospitali.

Kuna jambo moja linaloniuma. Mtu anayekakamaa mikono na kutetemeka, katika nyumba isiyojua habari za parathairoidi, huweza kudhaniwa ana kifafa au amepandwa na mashetani, na saa za thamani zikaishia kwenye kutafuta mganga. Waambie watu wa nyumbani mapema: “Mkiniona mikono imejikunja, ni kalsiamu imeshuka. Nipelekeni hospitali niliyopasuliwa.” Sentensi hizo mbili zinaweza kuokoa maisha yako.

4. Itenge na kidonge cha thairoidi kwa saa nne

Hili ndilo kosa linalofanyika nyumba nyingi: vidonge vyote vinawekwa kiganjani asubuhi na kumezwa kwa mkupuo mmoja. Kalsiamu hukamatana na levothairoksini, yaani ile homoni ya kidonge cha thairoidi, ndani ya tumbo na kuizuia kuingia mwilini vizuri. Matokeo yake unameza homoni kila siku na bado unachoka, unaona baridi na unanenepa, kisha daktari anakuongezea dozi ambayo pengine hukuihitaji.

Bahati nzuri, ratiba yetu ya kula inasaidia. Mfano ni huu:

Saa 12 asubuhi, kidonge cha thairoidi na maji matupu. Subiri nusu saa hadi saa nzima ndipo unywe chai, na hasa kama ni ya maziwa, au kahawa. Saa 4, pamoja na ile chai ya saa nne na kitafunio, kalsiamu ya kwanza. Saa 8 mchana, baada ya chakula, ya pili. Saa 2 usiku, baada ya chakula, ya tatu.

Kama daktari amekupangia mara nne au mara mbili, zipange dozi hivyohivyo, ilimradi saa nne zile zisiguswe. Wapo wanaomeza homoni usiku wakati wa kulala, angalau saa tatu baada ya kula. Hao nao wahakikishe kalsiamu ya mwisho imemezwa mapema jioni. Chagua mpango mmoja, uandike, ubandike kwenye mlango wa kabati la vyombo, na uweke kengele kwenye simu.

5. Igawe, usiifidie

Utumbo hufyonza vizuri takriban miligramu 500 za kalsiamu kwa mara moja. Ukimeza dozi za siku nzima kwa pamoja ili umalize, sehemu kubwa itapita tu, na kufikia jioni damu yako itakuwa na upungufu. Ukisahau dozi, meza unapokumbuka kama muda wa inayofuata haujakaribia. Usirundike.

6. Jua unameza kalsiamu ya aina gani

Zile za kawaida ni mbili. Kalsiamu kaboneti ni ya bei nafuu na inapatikana karibu kila famasi. Inahitaji asidi ya tumbo ili iyeyuke, kwa hiyo imeze pamoja na chakula au mara tu baada ya kula. Kalsiamu sitreti haisumbuki na chakula. Unaweza kuimeza hata tumbo likiwa tupu.

Tofauti hii huwa kubwa kwa anayetumia omeprazoli au dawa nyingine ya vidonda vya tumbo. Dawa hizo hupunguza asidi, na kaboneti hukosa kinachoiyeyusha. Mtu anameza vidonge vyote kwa uaminifu na bado midomo inakufa ganzi. Omeprazoli ikitumiwa kwa muda mrefu huweza pia kushusha magnesiamu, na magnesiamu ikiwa chini, hata parathairoidi nzima hushindwa kutoa homoni yake. Kwa hiyo kama una vidonda vya tumbo, mwambie daktari kabla ya kuandikiwa dawa, na kama kalsiamu inagoma kupanda, muulize kama magnesiamu imepimwa.

Vile vidonge vya kuyeyusha kwenye maji ni rahisi kwa koo linalouma baada ya upasuaji. Vingi vina chumvi ya sodiamu kwa wingi, hivyo mwenye presha aulize kwanza.

7. Soma namba sahihi kwenye kopo

Kopo moja limeandikwa 1250, jingine 500, na yote mawili yanaweza kuwa yanasema jambo lilelile. Kalsiamu kaboneti ya miligramu 1250 ina kalsiamu halisi miligramu 500, yaani asilimia 40. Sitreti ina asilimia 21 tu, kwa hiyo kidonge cha ukubwa uleule kina kalsiamu karibu nusu yake. Unapobadilisha chapa kwa sababu famasi imeishiwa ile uliyoizoea, sema: “Kaka, naomba unionyeshe kalsiamu halisi ni miligramu ngapi kwa kidonge,” kisha linganisha na uliyoandikiwa. Usihesabu vidonge, hesabu miligramu.

8. Vitamini D yako huenda si ya kawaida

Wengi huandikiwa pia kalsitrioli au alfakalsidoli, kidonge kidogo laini chenye bei inayouma. Mtu akifika famasi na kukikosa huambiwa, “Chukua hii vitamini D, ni ileile.” Si ileile. Vitamini D ya kawaida lazima ikamilishwe kwenye figo ndipo ifanye kazi, na homoni ya parathairoidi ndiyo inayoziamuru figo kufanya hivyo. Tezi zikiwa zimelala, amri haitoki. Kalsitrioli huingia ikiwa tayari kwa kazi, na alfakalsidoli hukamilishwa na ini bila kuhitaji amri hiyo. Ukikosa dawa, mpigie daktari kabla ya kukubali mbadala, na anza kutafuta kopo jipya likiwa bado limebaki la wiki moja.

9. Taja kalsiamu kila unapoandikiwa dawa nyingine

Antibiotiki kama siprofloksasini na doksisaiklini hukamatwa na kalsiamu na kupoteza nguvu. Vidonge vya madini ya chuma, ambavyo akina mama wengi hupewa, navyo vitengwe na kalsiamu, na pia vikae saa nne mbali na kidonge cha thairoidi. Baadhi ya dawa za presha za kukojosha, kama haidroklorothiazaidi, huipandisha kalsiamu katika damu. Na anayetumia digoksini ya moyo lazima asimamiwe kwa karibu sana.

Walio kwenye ARV zenye dolutegraviri, ambao ni wengi Afrika Mashariki, wasikilize hapa. Dolutegraviri na kalsiamu zikimezwa pamoja tumbo likiwa tupu, dawa hufyonzwa kidogo. Ama meza dolutegraviri saa mbili kabla ya kalsiamu, au saa sita baada yake, au zote mbili pamoja na chakula. Najua si kila mtu yuko huru kuitaja dawa hiyo mbele ya watu waliojaa kwenye foleni. Omba kuzungumza na mfamasia pembeni. Ni haki yako.

10. Kula vizuri, lakini usikiachie chakula kazi ya dawa

Glasi ya maziwa ya mililita 250 ina kalsiamu takriban miligramu 300. Mtindi unafaa, na dagaa wanaoliwa na mifupa yao ni hazina. Sukuma wiki hutoa kalsiamu yake kwa urahisi; mchicha unayo nyingi, ila una oksaleti inayoishikilia isifyonzwe. Soda nyeusi zina fosfeti nyingi, na parathairoidi zikiwa hazifanyi kazi fosfeti hujikusanya mwilini, kwa hiyo ziache.

Udongo wa kula, ule unaouzwa kwa vipande sokoni, si kalsiamu yako. Huna kipimo chake, na unaweza kuwa na madini ya risasi. Wala usifikiri kwamba mchuzi wa mifupa utachukua nafasi ya vidonge vya wiki ya kwanza. Kunywa kwa raha yako, kisha meza dawa.

11. Choo kikifunga, usiache dawa

Kaboneti hufunga choo na kujaza gesi. Maji ya kutosha, papai, mboga za majani na kutembea kidogo husaidia. Kukizidi, omba kuhamishiwa sitreti. Kinachonisikitisha ni mtu kuacha kalsiamu kimyakimya kwa sababu aliona haya kumwambia daktari habari za choo.

12. Kuzidi nako ni ugonjwa

Kiu isiyokatika, kukojoa mara kwa mara, kichefuchefu, uchovu mzito, kuchanganyikiwa: hizo huwa dalili za kalsiamu iliyopanda mno, hasa kwa anayetumia kalsitrioli. Usijiongezee dozi kwa mazoea. Bila homoni ya parathairoidi, figo hupitisha kalsiamu nyingi kwenye mkojo, na hapo mawe ya figo hujitengeneza. Ndiyo maana daktari anaweza kutosheka na kiwango kilicho upande wa chini wa kawaida, bila kukupandisha juu zaidi, mradi huna dalili.

13. Nenda kwenye kipimo hata ukijisikia vizuri

Kuacha kalsiamu ni kazi ya kushuka ngazi. Daktari hupunguza kidogo, anapima, anapunguza tena. Wengi tezi zao huamka ndani ya wiki au miezi michache, na wanaachana na vidonge. Zikikaa kimya mwaka mzima, kwa kawaida tatizo huhesabiwa kuwa la kudumu, na hapo unahitaji daktari wa homoni wa kukufuatilia.

Uliza namba yako na uiandike. Maabara nyingi huweka kawaida ya kalsiamu kati ya takriban 2.1 na 2.6 kwa kipimo cha milimoli, au 8.5 na 10.5 kwa kipimo cha miligramu, kwa hiyo usiogope ukiona namba ya hospitali moja haifanani na ya nyingine. Uliza pia kama imerekebishwa kwa albumini, kwa sababu protini hiyo ikiwa chini, jumla ya kalsiamu huonekana ndogo kuliko hali halisi. Na vile vidonge vya kukuza nywele na kucha vyenye biotini vinaweza kupotosha vipimo vya thairoidi na parathairoidi. Mwambie daktari kwamba unavitumia, akuelekeze uviache siku ngapi kabla ya kutolewa damu.

14. Mfungo: zungumza kabla mwezi haujaandama

Wiki za mwanzo baada ya upasuaji, na wakati wowote dalili zikiwa bado zinakuja, kufunga ni hatari, na dini imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa baadaye. Kwa aliyetulia, dozi za futari, usiku na daku zinaweza kupangwa, lakini saa ni chache na kidonge cha thairoidi nacho kinadai nafasi yake. Mpango huo uandikwe na daktari wiki kadhaa mapema. Wakristo wanaofunga bila kula wala kunywa wafanye vivyo hivyo.

15. Safarini, dawa ikae mkononi

Usiweke kalsiamu kwenye begi linaloingia kwenye buti la basi. Iweke kwenye pochi au mfuko unaoshika, pamoja na maji na kitu cha kutafuna. Beba zaidi ya siku utakazokaa. Kalsiamu ya kawaida utaipata miji mingi, kalsitrioli si kila mahali. Ukiharisha au kutapika hadi dawa haikai tumboni, usingoje kurudi nyumbani. Mjamzito au anayenyonyesha, mahitaji yake hubadilika na anapaswa kupimwa mara nyingi zaidi.

Na tengeneza kadi ndogo, uiweke pamoja na kitambulisho. Iandikwe: “Nimeondolewa thairoidi yote,” tarehe ya upasuaji, “Parathairoidi zangu hazifanyi kazi vizuri; kalsiamu yangu inaweza kushuka,” majina ya dawa na miligramu zake, simu ya hospitali, na simu ya ndugu mmoja anayezijua habari zako. Ipige picha, umtumie ndugu huyo nakala.